Siku ya Tatu, Bila Jembe

Kwetu Handeni nyasi zilikuwa na jina moja, magugu,
na dawa moja, jembe.
Mama alizing'oa na mizizi, akazikung'uta udongo,
akazigeuza juani zife zikijiona.
Kwa hiyo nilipofika bonde la Swale, huko Yorkshire,
nilijua methali inavyokwenda:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mikono ilikuwa tayari.

Siku ya tatu Thora Alderson alitoa fremu ya mbao,
mita kwa mita, akaitupa nyuma ya bega
kama anayemrushia paka kichwa cha samaki,
akasema: piga magoti, hesabu.
Majani?
Aina.

Niliona kijani. Kijani, na kijani kingine.
Maji yalipenya suruali hadi mapajani
ndipo kijani kikaanza kuachana
kama ukoo mmoja uliokutana msibani:
huyu kachukua pua ya baba,
huyu wa mke mdogo,
huyu hakuna anayejua kaja na nani.
Thelathini na moja, kabla ya chai.

Mmoja wao ana ua la manjano, mdomo wa kasuku;
mbegu zikikauka hutikisika mfukoni mwake.
Nilimwita Kayamba.
Ni mwizi. Huko chini anafyonza mizizi ya majirani,
nyasi zenye kiburi zinanywea,
na penye upenyo wanyonge wanachipua.
Sikuwahi kusikia mwizi akisifiwa shambani.
"Akilia," alisema Thora, "ndipo tunafyeka. Si kabla."

Kalenda yake ni hiyo tu.
Ng'ombe watoke Mei, lango lifungwe.
Samadi iwe imeoza, na iwe kidogo,
chumvi ya mchuzi, ukizidisha umeharibu.
Nyasi zikishakatwa zigeuzwe, zigeuzwe tena, zidondoshe mbegu,
na vuli ng'ombe warudi kuzikanyaga ziingie.
Plau? Haijapita hapa
tangu ukuta huu wa mawe ulipopangwa.

Dalton, mpwa wake, ana kikokotoo.
Nyasi aina moja, mbolea ya gunia, mikato mitatu kwa mwaka.
Si mjinga. Paa la zizi linavuja na benki imeandika barua.
Mama yangu angekuwa upande wake.
Thora hakubishana. Alichimba sepetu moja:
udongo mweusi, minyoo,
mizizi mirefu kuliko mkono wangu.
"Aliyeweka akiba hii simjui.
Ukilima umevunja kibubu,
na kilichomo kinapaa hewani, hukishiki tena."
"Kibubu hakiezeki paa," Dalton akajibu.
Tukanywa chai. Hakuna aliyeshinda.

Mwisho wa Julai Kayamba alilia.
Nilitembea mbele ya trekta, nikitawanya nyasi kwa fimbo,
na katikati ya shamba akaruka kipila,
domo lake limepinda kama sindano ya kushonea magunia.
Ndege wa namna hiyo niliwahi kumwona Tanga, kwenye tope la mikoko;
huenda si yeye, wala sikumuuliza.
Aliruka kwa kelele, akarudi, akaruka,
na miguuni pangu kinda, manyoya ya vumbi, amejibana
kama kitu kilichoamua kuwa udongo.

Dalton alizima injini. Alitukana, kwa utaratibu, kwa muda mrefu.
Kisha akaiwasha, akakata kona, akazunguka,
akaacha kisiwa cha nyasi zilizosimama,
kikubwa kuliko ilivyohitajika.
"Mabunda manne hayo," aliniambia jioni,
kana kwamba mimi ndiye niliyetaga.

Usiku nilimpigia mama.
Umelima wapi leo?
Sijalima, mama. Tangu nije sijalima.
Kimya. Gharama za simu zikienda.
Basi wanakulipa kwa lipi?

Sikuwa na neno. Nilikuwa na vifuko vikavu mfukoni;
nikavileta karibu na simu, nikavitikisa.

Akasikiliza.
Huko kwenu, akauliza, mvua imeanza?